Wazazi tuongee: sare zinatumaliza Januari, halafu maji na sabuni vinazimaliza zenyewe kabla ya Juni

Mama K wa Mbagala

Wadau habari za jioni. Naomba hili tuliongee kiutu uzima maana kila Januari tunalia bei za sare, tukishanunua tunanyamaza, ikifika mwezi wa sita shati limekuwa la kijivu, kola imeachia, kaptula imepauka mbele na makalioni inang'aa, tunarudi dukani kimya kimya. Hapo katikati hakuna anayepigia hesabu.

Mimi ninao watatu. Wawili shule ya msingi ya serikali, mmoja kaingia fomu wani shule ya kata. Ada hakuna tangu 2016 na nashukuru sitanii, ila Waraka wa Elimu namba 3 wa 2016 wenyewe ulishasema sare na madaftari na kalamu ni juu ya mzazi, kwa hiyo anayekuja na "elimu bure kinachokuuma nini" apite tu. Mwaka huu kwa huyu wa darasa la tatu peke yake nimetajiwa hivi dukani: shati 9,000, kaptula 12,000, sweta yenye nembo 20,000, viatu 25,000, soksi jozi mbili 4,000, fulana ya michezo ya Ijumaa 10,000. Elfu themanini, mtoto mmoja, bado daftari.

Sasa hoja yangu ndo hii. Hapo shati ni elfu 9, ukitoa soksi ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote, na ndicho kinachofuliwa kuliko vyote. Mwaka wa shule ni siku 194 za masomo. Toa Ijumaa za fulana, mtoto mwenye shati moja lile shati linaingia kwenye beseni kila jioni, linafikichwa, linapigwa brashi kolani, linakamuliwa, asubuhi bado bichi linapigwa pasi ya moto likaukie hapo hapo. Zaidi ya mara 150 kwa mwaka. Yangekuwa matatu kila moja lingefuliwa kama mara 50 hivi na hakuna ambalo lingekaushwa kwa pasi. Halafu sisi tunalaumu mchina.

Kwa hiyo mwaka huu sweta sikununua, kavaa la kaka yake, viwiko vilikuwa vimetoboka fundi akaweka viraka, ile elfu 20 nimeongezea mashati mawili. Majirani wananisema mtoto hana sweta la nembo. Dar hii sweta la kazi gani jamani, mtoto analifunga kiunoni mwaka mzima.

Wenzangu mnafanyaje? Mnanunua wapi, mnafuaje, na nyie ambao shule zinawalazimisha kununua pale pale mnapambana vipi?

zege_halilali

Zaa kwa mpango dada, elfu 80 ndo unatufungulia uzi

Sikujua88

Huyu hana mtoto msimjibu. Subiri siku apewe ile karatasi ya mahitaji ya fomu wani yenye kurasa nne.

Fundi wa Buguruni

Mimi ni fundi cherehani naomba niseme kidogo. Mama K hoja yako ya mashati matatu naikubali ila umeruka kitu, umeruka kitambaa. Haya mashati ya elfu 6 mpaka 9 yanayoning'inizwa mtaa wa Kongo pale Kariakoo Januari mengi ni polista tupu tena nyembamba. Polista ina raha yake, inakauka upesi, haijikunji, na dukani inang'aa nyeupe mpaka mzazi anatabasamu. Shida yake inashika mafuta ya mwili, shingoni na kwapani, ikishashika hayatoki yote, kila ukifua yanabaki kidogo na vumbi linagandia hapo hapo. Hiyo kijivu mnayoiona ndo hiyo. Pamba tupu nayo inajikunja, ikilowa ni nzito, masika haikauki.

Tafuta mchanganyiko, wengi mnaiita teteroni. Ukiwa dukani kamata kitambaa kunja ndani ya ngumi hesabu mpaka kumi achia. Kikibaki na mikunjo midogo midogo kina pamba. Kikirudi chote kama hakijaguswa hiyo ni polista tupu. Mwenye wasiwasi achomoe uzi mmoja auchome na kiberiti, polista inayeyuka inaganda kidonge kigumu cheusi, pamba inaungua kama karatasi inabaki jivu, ya mchanganyiko inafanya vyote.

Halafu geuza shati ndani uangalie mshono. Kama halijapigwa ovaloki, ule mshono wa pembeni unaozuia nyuzi zisifumuke, na kwapani kuna mshono mmoja tu, hilo linaachia mwezi wa nne, usiniulize nimejuaje, Aprili ndo nakula na familia yangu kwa kushona makwapa ya watoto wa watu.

Kaptula na sketi mwambieni fundi aache pindo la ndani inchi tatu na kiunoni nyuma aache nafasi. Mtoto akirefuka nguo inashushwa, mwaka wa pili huo. Hii tabia ya kununua saizi ya miaka miwili mbele mnamtesa mtoto wa kike, sketi ya marinda inaburuza chini, inazoa vumbi, unafua marinda kila siku mpaka yanafunguka.

Na mje Desemba. Ufundi wa shati la msingi nachukua 6,000 Desemba. Wiki ya kwanza ya Januari sitaki hata kutaja nachukua ngapi.

Mama K wa Mbagala

Fundi umenisaidia sana. Desemba hela iko wapi lakini? Desemba ni safari ya nyumbani Moshi.

mwl_zamu

Mimi ni mwalimu wa msingi, mkoa siutaji. Naomba niongelee upande wetu maana huwa tunasemwa sana.

Kila Januari viongozi wanatangaza mtoto apokelewe hata kama hana sare, na sisi tunawapokea. Shule yetu hakuna aliyerudishwa. Ila kinachotokea darasani wazazi hamkioni. Mtoto asiye na sare anajifukuza mwenyewe. Anakaa nyuma, swali analijua hasimami, Jumatatu siku ya kukagua usafi mstarini haji, anakuja Jumanne. Wiki ya tatu haji kabisa na ukienda nyumbani unaambiwa anaumwa.

Kuna utafiti ulifanyika magharibi mwa Kenya, ulianza 2003, shule 328, baadhi ya shule watoto wa darasa la sita wakapewa sare bure, bila pesa bila chakula, sare tu, na wakapewa nyingine baadae wakiendelea kubaki shule. Baada ya miaka mitatu wasichana walioacha shule walikuwa kama asilimia 16 wakati kwenye shule ambazo hazikupewa ilikuwa kama 19. Mimba nazo zilipungua, kutoka kama 16 mpaka 13. Sare tu wakuu. Kwa hiyo anayeona elfu 80 ni mada ndogo afikirie kaya ambayo hiyo elfu 80 haijawahi kukaa sehemu moja.

Na jambo jingine niwaambie wazazi, sisi kwenye ukaguzi hatutafuti shati jeupe la dukani. Tunaangalia kola, kucha, vifungo. Shati lililofifia lakini limefuliwa ni shati safi. Wanaosema mwalimu kakataa shati la zamani wengi ni watoto wenyewe wanataka jipya, muwe mnapiga simu shuleni kuuliza.

Sikujua88

Mwalimu hapo kwenye vifungo umenigusa, mwanangu anarudi na vifungo viwili kati ya saba, sijui wanavila

Bi Tatu Michenzani

Assalaam alaykum. Nyinyi wa bara mnalilia shati, hamjafua mtandio nyinyi.

Huku kwetu Zanzibar skuli mtoto wa kike ana mtandio mweupe, na hakuna vazi linalochafuka mfano wa lile. Kidevuni mafuta na poda, kwenye paji jasho, ncha zake kajifutia wino, akila embe kajifutia embe. Jioni anakwenda chuoni, yaani madrasa, ana juba jengine na ushungi mwengine, na wa kiume kanzu na kofia. Kwa hiyo mtoto mmoja sare mbili kila siku ya Mungu. Elimu ilitangazwa bure tangu Septemba 1964, nguo hatukuambiwa.

Mimi nawafundisha wanangu hivi. Mtandio hauloweki na nguo nyengine hata siku moja. Kwanza unautia maji kidogo tu, unachukua sabuni ya mche unaisugua pale kidevuni na kwenye paji mpaka inakuwa nyeupe ya sabuni, unauwacha nusu saa hivi bila kuutia maji mengi. Watu wanakosea hapa, wanazamisha nguo kwenye beseni zima la maji kisha ndio wanatafuta doa, sabuni ishakuwa maji matupu. Baadae unafikicha kwa mkono, brashi usipeleke, mtandio unatoka nyuzi. Unasuuza maji mawili, ya tatu unatia bluu ya kufulia, kidogo mno, uikoroge kwanza ndani ya kikombe. Ukiimwaga vumbi lake kwenye nguo inakuwa madoadoa ya samawati na hayo kuyatoa ni kazi nyengine.

Kisha juani. Cheupe kiende juani, cha rangi kigeuzwe ndani nje kiwekwe kivulini.

dogo_janja_mwananyamala

Bibi hayo yote ya nini, jiki ipo. Mm nachanganya jiki na ndimu naloweka dk 10 shati linawaka, jaribuni

Mkemia wa Uswahilini

Dogo naomba ufute hiyo komenti yako na mods kama mpo muifute. Usichanganye jiki na ndimu, wala siki, wala ile dawa ya kusafishia choo. Jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, hiyo hiyo iliyotumika kuua wanajeshi vita ya kwanza ya dunia. Kwenye bafu dogo lisilo na dirisha unaweza kuumia mapafu vizuri tu. Haya tuendelee.

Jiki yenyewe ni sawa kwa pamba nyeupe, mara moja moja, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na maji ya baridi, halafu usuuze sana. Ukiitumia kila wiki inakula nyuzi, shati linachanika mgongoni lenyewe bila kuvutwa. Sweta la sufu, lastiki za soksi, nembo ya rangi, hapo usiiguse kabisa. Na mkiona shati jeupe limewekwa jiki likageuka njano msiongeze jiki, mnaharibu zaidi.

Sasa kwa nini mashati ya Mbagala yanafifia haraka kuliko ya mtu wa maji ya bomba. Maji ya visima vyetu vingi Dar yana chumvi na yale madini ya chokaa. Sabuni ya mche ikikutana nayo haitoi povu, inaganda, ule utando wa kijivu unaoelea juu ya beseni ndo sabuni yenyewe imeganda, na sehemu yake inajibandika kwenye shati. Unaongeza sabuni, inaganda zaidi. Kwa hiyo mwenye maji ya kisima tumia sabuni ya unga, yenyewe haigandi hivyo, au tia magadi soda kidogo kwenye ndoo ukoroge uache itulie uchote maji ya juu. Dumu moja la maji ya bomba au ya mvua litunze kwa ajili ya kusuuza mara ya mwisho, kufulia tumia ya kisima. Kwa bei ya dumu hiyo ni nafuu kuliko shati.

Bi Tatu yuko sahihi kwenye bluu. Haitoi uchafu wowote, inaficha tu manjano, jicho likiona manjano yenye samawati kidogo linaona nyeupe. Bibi zetu walijua hilo bila maabara.

dogo_janja_mwananyamala

Dah sikujua mkuu sirudii tena. Ila ndimu peke yake?

Mkemia wa Uswahilini

Ndimu peke yake na chumvi ni dawa nzuri ya kutu. Ile alama ya kahawia ya kifungo cha chuma au ya msumari wa kuanikia, kamulia ndimu, nyunyiza chumvi, weka juani, suuza. Doa la kutu ukilipiga jiki linakuwa la kudumu. Ndimu usiache muda mrefu kwenye rangi ya bluu.

Mzazi wa Intanasho

Mnaongelea kufua, sisi wengine hata kitambaa hatuchagui. Shule ya mwanangu (binafsi, siitaji) sare zinauzwa dirisha la mhasibu tu, traksuti 45,000, shati 25,000, na nembo imedariziwa mfukoni na mgongoni ili usiweze kutengeneza nje. Nikapeleka ile traksuti kwa fundi anipe bei, akacheka. Kitambaa kile kile cha Kariakoo. Nikauliza shuleni kwa nini tusinunue nembo tukabandike wenyewe nikaambiwa "tunalinda hadhi ya shule". Ada milioni na ushee halafu faida ya soksi nayo wanaitaka.

Fundi wa Buguruni

Hiyo nembo mkuu inadariziwa kwa mashine, zikiwa nyingi kwa pamoja ni buku mbili hivi kila moja, wakati mwingine chini ya hapo. Mimi nimeshawahi kushona oda ya shule, najua shati linatoka kwangu bei gani na linafika kwako bei gani. Niishie hapo oda nazitaka bado.

Mama Zawadi wa Likoni

Habari zenu watani. Huku Mombasa ni hayo hayo, mnalia sisi tushalia tukanyamaza. Msingi bila malipo tangu 2003 ya Kibaki, lakini shule inakupa orodha na chini imeandikwa jina la duka, duka moja tu mji mzima. Mimi mwanangu alipoingia nilinunua hapo tai na beji peke yake, sketi nikamshonea fundi wa mtaani, na mashati nikaenda Kongowea kwa mitumba.

Na nawaambia mtumba usiudharau. Shati jeupe la mtumba lililovaliwa Ulaya mara nyingi lina pamba nyingi na kola ngumu, limeshafuliwa mara kadhaa kwa hiyo halisinyai tena, unajua unachonunua. Ninachofanya nainua kola naangalia ule mkunjo wa ndani, kama kuna mstari wa manjano naacha, huo hautoki hata ufanyeje. Kwapani vivyo hivyo. Naangalia na upande wa vifungo, shati la kike linafungwa upande mwengine, kuna walimu wana macho ya tai na wewe umenunua kwa kijana wako la kike. Nenda siku wanafungua robota, asubuhi. Jioni mmebaki na makwapa ya watu.

Sikujua88

Karume Ilala pia wapo, wanachambua mashati meupe tupu. Ila mimi la mtumba naliloweka kwanza maji ya moto na sabuni usiku kucha, roho haitulii bila hivyo

Makambako_ukungu

Mama K ulivyosema sweta la kazi gani nimecheka. Njoo huku mwezi wa sita, mtoto bila sweta hafiki shule. Shida yetu sisi sio jua kali, shida ni hakuna jua. Unafua Jumatatu inakauka Alhamisi. Watu wanaanika jikoni juu ya moto, mtoto anakwenda darasani ananuka moshi na shati jeupe linakuwa la maziwa ya chai. Na nguo ikikaa bichi siku mbili inaanza ile harufu ya uvundo, hata ikikauka akitoka jasho inarudi.

Tunavyofanya sisi: ukishakamua, tandika taulo kavu, weka shati juu, viringisha pamoja kama mkeka, kaa juu yake, kanyaga ukipenda. Taulo linavuta maji yale ambayo mkono hauwezi. Halafu unaning'iniza kwa henga karibu na mlango upepo unapita. Linakauka kwa pasi ndogo tu asubuhi. Pasi ya mkaa ipulizie nje, sio juu ya shati, majivu yakidondoka kwenye shati bichi umeanza upya.

Na udongo wetu mwekundu, jamani. Usiufue ukiwa mbichi. Acha tope likauke kabisa, kung'uta, piga brashi kavu, ndo utie maji. Ukilowesha lile tope na kufikicha unalisukuma ndani ya nyuzi.

Baba wa Wawili

Wakuu samahani, swali langu ni la aina nyingine. Mimi nalea mwenyewe mabinti wawili, mama yao hayupo. Mkubwa ameanza kuvunja ungo mwaka huu. Sketi yake ya rangi ya damu ya mzee ina madoa, nimemkuta anaifua na maji ya moto yanazidi kukolea, amenyong'onyea, na kesho yake hakutaka kwenda shule. Sitaki kumwaibisha nawezaje kumsaidia

Mama K wa Mbagala

Baba usiombe samahani, umeuliza vizuri. Maji ya moto ndo yanayogandisha, damu inashikamana na kitambaa inavyoganda ute wa yai. Mwambie maji baridi kabisa, mapema inavyowezekana, asugue kwa upande wa ndani wa sketi sio wa nje, maji yasukume doa litoke lilikoingilia. Kisha sabuni ya mche, aache, asuuze baridi tena. Likiwa limeshakauka aloweke maji baridi yenye chumvi usiku. Jiki hapana, inatoa rangi ya sketi. Na asipige pasi mpaka doa liishe lote.

Halafu mnunulie sketi ya pili baba, hata ukiahirisha viatu. Sketi moja kwa binti wa umri huo ndo anakosa shule. Akiwa na ya pili na taulo zake za kike za kutosha hatakuwa na sababu ya kubaki nyumbani. Kama kuna shangazi au mama jirani mnayemwamini aongee nae pia, kuna mengine hatakuuliza wewe.

Baba wa Wawili

Asante sana dada. Sketi ya pili naishughulikia wiki hii.

mwl_zamu

Baba wa Wawili, shuleni pia muulizie mwalimu wa malezi wa kike, shule nyingi yupo, na wengine wana sketi ya akiba kabatini kwa ajili hiyo. Mpigie tu.

Ng'wana Maswa

Naomba nichomekee. Sisi huku Simiyu tunalima pamba, Shinyanga wanalima, Mwanza wanalima. Sehemu kubwa inatoka nchini ikiwa pamba ya robota tu, inarudi ikiwa kitambaa tumechanganyiwa na plastiki. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kilijengwa 1968 na wachina, mzee wangu alikuwa anasema enzi zao kaptula moja ya shule ya kaki ilikuwa inavaliwa na wadogo watatu kwa zamu. Sasa hivi kaptula inavaliwa na mmoja tena haimfikishi Desemba. Mnashauriana magadi na ndimu sawa, lakini mzizi wa bei uko huko.

zege_halilali

Siasa hizo

Ng'wana Maswa

Ulisema tuzae kwa mpango, nyamaza wewe

binti_muheza

Kuna mtu huko kwenye grupu la wazazi alisema sare za teteroni hazihitaji pasi. Huku Tanga upande wetu tuna funza wa nguo, yule nzi anataga mayai kwenye nguo bichi iliyoanikwa chini au kivulini, mtoto akivaa vinaingia kwenye ngozi anapata vijipu makalioni na kiunoni. Pasi ndo inaua mayai. Kwa hiyo piga pasi nje na ndani, hasa kiunoni na kwenye mishono, na msianike kwenye nyasi. Kuhusu kung'aa makalioni alikosema Mama K, hiyo ni pasi ya moto juu ya polista. Geuza ndani nje, au weka kitambaa cha pamba chenye unyevu juu yake.

Sikujua88

Swali la kizushi, watoto wenu wanafua wenyewe kuanzia darasa la ngapi? Wangu darasa la nne anafua soksi na kaptula, shati bado namfulia mimi maana akilifua yeye anamaliza sabuni ya wiki nzima na kola iko vile vile

Mama Zawadi wa Likoni

Soksi toka darasa la pili, tena mara tu akivua, palepale bafuni kabla hajala. Soksi nyeupe ikilala chafu imekufa. Shati darasa la sita huko.

Bi Tatu Michenzani

Mimi niliwafunza wote sawa, wa kike na wa kiume. Wapo mama wanamfulia kijana mpaka fomu foo, akenda bweni anarudi na begi zima la nguo chafu, hata aibu hana.

Mama K wa Mbagala

Bi Tatu huyo ni mwanangu wa kwanza kabisa, ila anasoma kutwa, sina pa kumpeleka 😂

Newala_Boy

Nimesoma mpaka mwisho, somo zuri. Swali langu: wino wa kalamu mfukoni, na majimaji ya mabibo. Msimu wa korosho watoto wanarudi mashati yana madoa ya kahawia kifuani kote, nimetumia kila kitu.

Mkemia wa Uswahilini

Wino wa kalamu ya kawaida: spiriti au sanitaiza ya mikono yenye alkoholi. Weka kitambaa kikavu ndani ya mfuko chini ya doa, gusa gusa juu na pamba yenye spiriti, wino unahamia chini, hamisha kitambaa kila kikijaa. Usisugue kwa duara linapanuka. Maliza na sabuni. Wino wa kalamu ya jeli mgumu zaidi, unaweza kubaki kivuli.

Mabibo, kama ni mbichi dakika hiyo hiyo maji mengi na sabuni unaweza kupunguza. Yakishakauka na kupigwa jua, kaka, hayo hayatoki. Nisikudanganye ukanunue dawa za bure.

Fundi wa Buguruni

Doa likiwa upande wa kushoto kifuani leta shati nihamishe mfuko liwe chini yake, au naongeza mfuko mkubwa zaidi. Likiwa kulia muulize mwalimu kama wanaruhusu mifuko miwili.

mwl_zamu

Tunaruhusu.